Kwa Nini Wavulana wa Lwamba Huitwa Makapi na Masizi

Kaeni chini. Na wewe uliyecheka, kaa. Simu itie mfukoni. Uji bado haujaiva, na mama mtoto hatatoka ndani mpaka nimalize ninalotaka kusema.

Nimeona watoto wengi wakitolewa katika mlango huu kupewa majina, na sijawahi kusikia mtu akicheka. Leo nimesikia. Filbert, baba mdogo wa mtoto, amekuja leo asubuhi na basi kutoka mjini, na kabla hajamaliza kunawa mikono ameuliza mtoto ataitwa nani. Akaambiwa mama yake amechagua Kigae. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kigae, Bibi? Kipande cha chungu kilichovunjika? Si atachekwa shuleni huyu. Yapo majina mazuri siku hizi, Jeideni, Raiani, na yana maana zake." Hivyo ndivyo alivyosema, na wengine wenu mkacheka naye, nimewaona.

Yana maana zake. Kana kwamba ya kwetu tuliyaokota tu. Basi mimi nimekasirika, na kwa umri huu sina haja ya kuficha. Nitawaeleza ni kwa nini wavulana wa huku wanaitwa hivyo wanavyoitwa. Nitaeleza mara moja, na atakayecheka tena atakwenda kunywa uji wake kituo cha basi.

Hapo kale, kilima hiki kilipokuwa msitu mtupu mpaka chini mtoni, nchi ya Lwamba haikuwa na mvulana hata mmoja mwenye jina baya. Wavulana waliitwa Jabali, Nyati, Mwanga, Kimbunga. Baba akipata mtoto wa kiume alizunguka akitafuta jina la kumtia jirani wivu. Watu walijivunia majina kama ninyi mnavyojivunia mabati. Ukipita njiani ukasikia mama anamwita mwanawe, ulisimama kusikiliza.

Na jina halikutolewa kwa watu wawili. Jina moja lilikaa na mtu mmoja aliye hai. Mwenyewe akifa lilipumzishwa, kisha mzazi mwingine akaruhusiwa kumpa mwanawe. Sheria hiyo haikuwa mbaya. Ilimfanya kila mtu ajulikane ni yeye na si mwingine. Ubaya uliingilia bomani kwa mtemi.

Nyumba ya mtemi haikutunga majina. Ilikuwa mwiko. Mababu wa mtemi walisema kutunga jina ni kazi ya watu wa kawaida, sawa na kulima na kuchota maji, na kwamba nyumba yao inakula kilicholimwa na wengine na kuitwa kilichotungwa na wengine. Kwa hiyo mke wa mtemi akijifungua mtoto wa kiume, wazee walioitwa Wachaguzi walitoka na ngoma ndogo, wakazunguka vijiji vyote wakisikiliza majina. Lililowapendeza kuliko yote walilichukua.

Wanaume watu wazima hawakuguswa, kwa sababu jina lililopita jandoni lilikuwa limefungwa kwa damu na halikufunguka tena. Mabinti pia hawakuguswa, maana binti za mtemi walipewa majina na shangazi zao. Walioguswa ni wavulana wadogo tu. Wachaguzi walifika uani, wakapiga ngoma, wakalitaja jina, wakaondoka nalo. Hawakuhitaji kamba wala panga. Kuanzia pale mtoto hakuwa na jina, na ilikuwa mwiko kumpa jingine, kwa sababu walisema mtu hupewa jina mara moja tu katika maisha yake.

Fikirini maana yake, ninyi mnaocheka. Asiye na jina hakuitwa kula wala kucheza. Hakuingia jandoni, kwa kuwa ngariba aliwaita wavulana kwa majina. Hakupewa shamba. Na akiugua, mganga hakuwa na la kufanya, kwa sababu dawa zote za wakati ule zilianza na mganga kuwaambia mizimu: njooni mumtazame fulani, mjukuu wenu. Sasa fulani nani? Wengi walikufa wadogo. Waliobahatika kukua walikwenda nchi za mbali kuchunga ng'ombe wa watu, na hawakurudi.

Na watu wa Lwamba waliona jambo hili ni la kawaida. Wengine waliona ni heshima. Walisema kwa majivuno, "Mtemi amelipenda jina letu." Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote katika hadithi hii, kwamba walikuwa wanashukuru.

Basi palikuwa na mwanamke anaitwa Kalunde, mke wa mrina asali mmoja, Sizya. Kalunde alizaa mtoto wake wa kwanza siku ya mvua ya kwanza, na mtoto alipolia, radi nayo ikapiga juu ya kilima. Akaitwa Ngurumo. Lilikuwa jina zuri sana. Watu walilitamka hata pasipo sababu, kwa raha tu ya kulitamka. Na Kalunde naye, kama desturi yetu ilivyo hadi leo, akaacha kuitwa Kalunde. Akawa Mama Ngurumo. Kisimani Mama Ngurumo, shambani Mama Ngurumo, msibani Mama Ngurumo. Wanawake mliomo humu mnajua, siku unayoitwa kwa jina la mwanao hata mwendo wako unabadilika.

Ngurumo alikuwa ameanza kung'oka meno ya utoto wakati mke mkuu wa Mtemi Ilagila, aliyeitwa Nshoma, alipojifungua mtoto wa kiume. Wachaguzi hawakuzunguka sana. Walikwenda moja kwa moja kwa Sizya, kwa sababu jina la yule mtoto walikuwa wamelisikia zamani wakalitamani. Kiongozi wao, mzee mmoja mnene aitwaye Mahuma, alipiga ngoma, akatamka "Ngurumo", akageuka kuondoka. Sizya aliinamisha kichwa akasema asante. Nasema alisema asante.

Kalunde alitoka jikoni na unga mikononi. Akauliza, "Na mwanangu mtamwita nani?"

"Hataitwa," alisema Mahuma. "Atazoea."

Hakuzoea. Alikuwa akisikia wenzake wakiitwa kucheza, anangoja zamu yake, haifiki. Anasimama pale pale pembeni ya ua, akitazama midomo ya watu. Na mama yake hali yake haikuwa tofauti. Alipokwenda kisimani wanawake walinyamaza, kwa kuwa hawakujua wamwiteje. Jina la Kalunde alikwisha kuliacha. Mama Ngurumo sasa alikuwa mtu mwingine, ameketi kwenye ngozi ya chui bomani, anapelekewa pongezi. Mwishowe mmoja akasema, "Wewe, mtungi wako umejaa." Watu aliolima nao tangu usichana walimwita wewe.

Msimu wa baridi homa ikaingia kijijini. Watoto wengi waliugua na wengi walipona. Mtoto wa Kalunde alipougua, aliitwa mganga, mzee Luhaga. Hakuwa mtu mbaya, huyo Luhaga. Alikuja mapema, akaketi karibu na kitanda, akaweka mikono mapajani.

"Nimwiteje?" alimuuliza Kalunde.

"Mwite kwa jina lake."

"Jina lake liko bomani, mwanangu. Nikilitaja, mizimu itakwenda kumtazama mtoto wa mtemi."

Akakaa pale kutwa, mikono mapajani, dawa zake ziko kwenye mkoba na hazikufunguliwa. Mtoto akafa mbele yake.

Hata kumlilia haikuwezekana. Kwetu marehemu huliliwa kwa kuitwa jina, ndivyo tunavyomsindikiza. Kalunde alifungua kinywa na jina lilikuwa mwiko. Wanawake waliokuja kumsaidia kulia walibaki wamefumba midomo, wanatazamana. Mtoto akazikwa kimya, kama unavyofukia kitu ulichokikuta njiani. Na huko juu bomani yaya alikuwa anaimba kumbembeleza mtoto mwingine, na upepo ukaleta wimbo mpaka makaburini: lala, Ngurumo, lala.

Baada ya hapo Kalunde hakulia. Alikasirika, na hasira ile haikuisha. Ndugu wa mumewe walimwambia asamehe, aachilie, mambo ya mtemi ni ya mtemi. Mama mkwe akamwambia hasira itamfunga uzazi. Kalunde alimjibu, "Basi inifunge." Hakumfokea mtu, hakuvunja chombo. Alilima, alitwanga, alipika, na uso wake ulikuwa umekunjwa kutoka asubuhi mpaka anapolala. Nawaambia ninyi mnaodhani hasira ni kelele, kuna hasira ya mtu anayepika chakula chenu kila siku na ninyi mnakula hamjui.

Akapata mimba nyingine. Sizya akafurahi, akaanza kutafuta jina. Alikuwa na Mvumo, alikuwa na Tai. Kalunde akamuuliza kama anataka kumlelea mtemi jina jingine. Sizya akasema wanaweza kulificha, wakawa wanamwita mtoto kwa kunong'ona ndani ya nyumba. "Jina la kunong'ona," alisema Kalunde, "siku akiugua, mizimu italisikia wapi?" Sizya alikuwa mwanamume mpole, na upole wake ulikwisha kumwua mtoto mmoja.

Siku moja, mimba ikiwa kubwa, Kalunde alikuwa anapepeta mtama uani. Anarusha ungo, punje zinarudi, makapi yanapeperuka na kuanguka miguuni pake. Wakaingia watu wa boma waliokuja kuchukua fungu la mtemi. Walichota mtama kwenye lindo la kuhifadhia nafaka, wakachota na ule uliokuwa kwenye ungo mkononi mwake, hawakumwomba. Wakaondoka wakiyakanyaga makapi bila hata kuyatazama. Kalunde alibaki amesimama na ungo mtupu, anayaangalia yale yaliyobaki kwa muda mrefu.

Mtoto akazaliwa, mvulana. Siku ya kumtoa nje watu walijaa kama mlivyojaa ninyi leo. Zamani hizo baba ndiye aliyesema jina. Sizya akasafisha koo, na kabla hajatamka, Kalunde akamnyanyua mtoto juu akasema, "Huyu anaitwa Makapi. Nimesema mimi, na limekwisha kutamkwa, wala mtu hapewi jina mara mbili."

Pakawa kicheko. Aliyecheka zaidi ni jirani yao, Mama Mvule, ambaye mwanawe alikuwa na jina lililosifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Mama mkwe alijifunika uso kwa khanga. Sizya aliondoka uani, akaenda kukaa kwa kaka yake, na akakaa huko mpaka kitovu cha mtoto kilipopona kabisa. Watoto walitunga wimbo wa kumcheka Makapi kabla hata hajafungua macho vizuri. Kalunde alisikiliza vicheko vyote hivyo na hakuondoa uso wake mbele za watu.

Haikupita muda, mke mdogo wa mtemi akajifungua mvulana. Ngoma ya Wachaguzi ikasikika. Mahuma alipofika kwa Sizya alimkuta Kalunde kizingitini, ananyonyesha.

"Huyu anaitwaje?"

"Makapi."

"Makapi gani?"

"Hayo unayoyakanyaga."

Mahuma alitazama miguu yake. Akatema mate, akapita. Akaingia nyumba ya pili, ngoma ikalia, na jina la Mvule likaenda bomani. Jirani aliyecheka zaidi alilitaja kwa yowe moja tu, kisha akakumbuka kuwa ni mwiko.

Kalunde hakumcheka. Alikwenda akaketi naye chini jikoni, akamwita kwa jina lake la usichana ili asiwe wewe. Mwanamke yule alipojifungua tena mvulana, watu walikuja siku ya kumtoa nje, na yeye, macho makavu, akasema, "Ukoko." Ule wa chini ya chungu, unaokwanguliwa na kutupwa. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Mwanamke mwingine akazaa akasema Masizi. Mwingine akasema Jaa. Wakaja akina Pumba, Mabua, Machicha, Kumbi. Waume walilalamika, walinuna, mmoja alimpiga mkewe na majina hayakubadilika. Wanawake hawakufanya mkutano wala hawakuapishana. Kila mmoja alimwangalia mwanawe, akaangalia barabara ya kwenda bomani, akachagua kitu ambacho hakuna mtu angeinama kukiokota.

Miaka ikaenda. Wavulana wa majina mazuri waliosalia walikua wakapita jandoni, majina yao yakafungwa. Chini yao hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kiume ambaye jina lake lingeweza kutajwa mbele ya mtemi wakati wa kula. Na hapo ndipo Nshoma, mke mkuu, ambaye baada ya yule wa kwanza alikuwa amezaa mabinti watupu, akajifungua mtoto wa kiume.

Wachaguzi wakatoka. Walizunguka bonde lote. Wakapiga ngoma kwenye kila ua na kuuliza, na wakajibiwa Masizi, wakajibiwa Takataka, wakajibiwa Jaa na Mabua. Mahuma alirudi amepakwa vumbi mpaka kwenye kope, akamwambia mtemi kwamba nchi imeishiwa majina. Ilagila alitupa kigoda. Akasema Wachaguzi ni wavivu, warudi, wafike hata mipakani. Mkewe akamwambia, "Basi tumtungie sisi wenyewe." Mtemi akamtazama kama mtu aliyemwambia akachote maji. Tangu mababu nyumba ile haikuwahi kutunga jina, na kwa kweli hakuna hata mmoja wao aliyejua linatungwaje.

Wachaguzi wakiwa mipakani, mtoto akashikwa na homa.

Luhaga aliitwa bomani. Alikuwa mzee sana sasa. Aliketi karibu na kile kitanda kizuri, akaweka mikono mapajani, akauliza, "Nimwiteje?" Mtemi akasema Wachaguzi wako njiani. Luhaga akasema atangoja. Nshoma aliiangalia ile mikono. Akamtazama mtoto anavyohema. Kisha akafanya jambo ambalo mke wa mtemi hakuwahi kulifanya, akambeba mwanawe mgongoni mwenyewe, akatoka kwa miguu mchana kweupe, na Luhaga akamfuata na mkoba wake.

Alikuja mpaka kwa Kalunde. Wanawake wa kijiji walipomwona anapita waliacha majembe wakamfuata, kwa sababu walidhani amekuja kulichukua hata Makapi. Kalunde alimkamata mwanawe mkono akamweka nyuma yake. Hakumkaribisha mgeni wala hakumpa kigoda. Nshoma akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mtoto mgongoni.

"Mwanangu anakufa," alisema. "Hana jina. Sisi hatujui kutunga. Wewe unajua."

Mama Ukoko, yule jirani, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mwache afe. Wa kwetu walikufa." Na wanawake wengi wakaitika. Msifikiri walikuwa wanawake wabaya. Walikuwa wameketi mbele ya vitanda vya watoto wao, na kila mmoja alikuwa na wake aliyemzika akiwa amefumba mdomo.

Kalunde akamuuliza Nshoma, "Wangu alikuwa anaitwa nani?"

Nshoma akasita. Ulikuwa mwiko. Mtoto akakohoa mgongoni pake.

"Ngurumo," alisema.

"Sema wasikie."

"Mtoto wako alikuwa anaitwa Ngurumo."

"Na mimi ni nani?"

Nshoma akainua uso. Alikuwa ameitwa kwa jina lile miaka yote hiyo, na akina mama wote wale walikuwa wakipiga goti kumsalimu kwa jina hilo. "Wewe ndiye Mama Ngurumo," alisema. "Mimi sikuwa. Nilijua, na nilinyamaza."

Kalunde alimtazama yule mtoto mgongoni. Shingo yake ilikuwa imelegea. Hakuwa amechukua jina la mtu, hakuwa amepiga ngoma. Na hasira ya Kalunde haikupungua hata kidogo, msije mkaniambia kwamba alisamehe. Alimchukua mtoto mikononi, akamnyanyua mbele ya wote, akasema, "Mmezoea kuchukua. Mmechukua mtama, mmechukua majina, mmechukua watoto. Haya. Huyu anaitwa Chukueni."

Watu walishika vinywa. Nshoma alisema, "Chukueni," kisha akarudia, na machozi yakamtoka. Mzee Luhaga akaondoa mikono mapajani. Akafungua mkoba wake pale chini na kuwaambia mizimu, njooni mumtazame Chukueni, mjukuu wenu. Jua lilikuwa halijainama mtoto alipoanza kutoka jasho, na akataka kunyonya.

Kalunde hakukaa kutazama. Alimshika Makapi mkono akapanda naye makaburini, akasimama penye lile kaburi dogo, akamwita mwanawe jina. Alimwita kwa sauti yote aliyokuwa ameifungia kifuani miaka yote ile, Ngurumo, mwanangu Ngurumo, na akina mama wakapanda nyuma yake na kila mmoja akamwita wake. Bomani walisikia. Hapana aliyetumwa kuwanyamazisha. Sizya alifika mwisho, akasimama nyuma ya wanawake, naye akamwita.

Mtemi Ilagila alikasirika kuliko nyoka aliyekanyagwa, lakini jina lilikwisha kutamkwa, na kwa sheria yake mwenyewe mtu hapewi jingine. Kila alipomwita mwanawe alitamka aibu yake. Wageni walipouliza jina la mtoto, watu wa boma walikohoa. Mtemi alipokufa, yule kaka wa Chukueni mwenye jina la Ngurumo alikataa kiti, alisema tayari amekalia cha mtu mwingine. Akawekwa Chukueni. Amri yake ya kwanza ilikuwa ngoma ya Wachaguzi ipasuliwe na kufukiwa. Alisema amechoka kuitwa kwa makosa ya baba yake. Hata hivyo hakulibadilisha jina, na wanawe aliwaachia mama zao wawape.

Na tangu siku hiyo, katika nchi yetu hii, mtoto wa kiume hupewa jina na mama yake, na baba hukaa pembeni na kunyamaza. Ndiyo maana mnao akina Makapi, Masizi, Ukoko na Jaa, wanaume wazima wenye wajukuu. Ni majina ya mama aliyekwisha kunyang'anywa na hataki kunyang'anywa tena. Ndiyo maana mnao pia akina Semeni, Chekeni, Waacheni na Hamtoshi, ambao ukimwita mmoja wao unakuwa umepokea ujumbe wa mama yake, na kama ulikuhusu, utajijua. Majina mazuri yamebaki kwa ng'ombe.

Sasa, Filbert. Huyu mtoto aliyemo ndani ni wa tatu, na wawili wa kwanza mliwazika ninyi, na nyumba yenu ndiyo iliyokaa hapa uani ikisema mwanamke huyu ni chungu kilichopasuka, hakiweki maji. Mlidhani hakusikia. Alikuwa jikoni anawapikia. Kwa hiyo ukimkuta mwanamume wa Lwamba ana jina la ajabu, usimuulize jina lake maana yake ni nini. Muulize mama yake alifanyiwa nini, na nani.

Haya, uji umeiva. Mfungulieni mlango atoke na mwanawe.